Sindano ya Mabula Kwenye Uwanja wa Ngoma

Vijana wangu wa zahanati, siku mliyoniaga mliniomba nihutubu, nami nikasema maneno mawili matatu nikaketi, kwa sababu wali ulikuwa unapoa na nilikuwa nimeliona paja la kuku lililokusudiwa kwangu. Sasa nimestaafu, muda ninao wa kutosha, na mke wangu amechoka kunisikiliza, kwa hiyo naandika. Sitawaeleza nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Hayo hayana utamu, na mengine yatanipandisha hasira bure. Mmoja wenu aliniuliza ni ugonjwa gani ulionitisha kuliko yote, nikamjibu kuwa ni maneno ya watu. Akacheka, akadhani nafanya utani wa kizee. Haya yafuatayo ni kwa ajili yake.

Nilianza kazi wakati Vita Kuu ya Pili bado inapiganwa, katika hospitali ya misheni karibu na Shinyanga. Aliyenipokea alikuwa dresa mkuu, yaani mkuu wa wasaidizi wa daktari, Petro Masanja, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya masikio. Sikuguswa na mgonjwa siku ile, wala mimi sikumgusa. Nilipewa jiwe la kunolea. Ninyi mmezoea kusikia kwamba sindano ikichakaa huagizwa nyingine. Sisi tulizichemsha, tukazinoa, kisha tukapitisha ncha kwenye pamba. Ikinasa nyuzi, ina ndoano bado, rudi kwenye jiwe. Nilinoa mpaka vidole vikafa ganzi, na Petro akipita ananiambia, "Noa, ng'wanawane, noa mwanangu. Siku moja utachomwa wewe."

Ilikuwa wiki hiyohiyo aliponiita nione kitu. Alikuwa na mrija wa kioo wenye maji ya buluu, buluu safi kabisa. Akadondosha ndani yake matone ya mkojo wa bibi mmoja mkulima aliyelazwa kwa kukonda na kiu, akaushika mrija kwa koleo juu ya taa ya spiriti, akawa anautikisa polepole. Buluu ikawa kijani. Kijani ikawa njano, na njano ikageuka mbele ya macho yangu ikawa nyekundu ya tofali. Nilisimama mdomo wazi. Nimeona mengi tangu siku ile, nimezalisha mapacha na nimeona mtu aliyefukiwa na kifusi akitolewa akiwa anazungumza, lakini mwili bado unanisisimka nikikumbuka rangi ile ikija.

"Hiyo ndiyo sukari," Petro alisema. "Anakula kama wewe, lakini chakula kinampita. Mwili unaimwaga nje sukari yake huku wenyewe unakufa njaa."

Kitanda cha pili alilala mchuuzi wa ng'ombe aliyevunjika mguu, mtu wa kelele. Akaropoka kwamba bibi huyo kajitakia, kwa nini asiache tamaa ya vitamu. Bibi wa watu, ambaye pengine alikuwa ameonja chai mara chache tangu azaliwe, akageukia ukutani akajifunika shuka. Petro hakumkaripia mchuuzi. Alimuuliza kwa upole, "Bwana mkubwa, chai yako huwa unaitia sukari kiasi gani?" Yule akajisifu kuwa kijiko husimama chenyewe. "Basi nipe mkojo wako." Tukaupima palepale, wodi nzima ikitazama. Mrija ulitoka juu ya moto ukiwa wa buluu vilevile. "Unaona? Tamaa iko kwako, ugonjwa uko kwake," Petro akasema, akaenda kunawa mikono. Baadaye aliniambia kwamba tumbo na kidonda tuna dawa yake, lakini maneno hayachomwi sindano, kwa hiyo kila mara itabidi nitafute njia nyingine.

Miaka ikapita, nikapelekwa kwenye zahanati ndogo upande wa Geita, kando ya barabara iendayo Rwamgasa. Wagonjwa wangu walikuwa wakulima, wachungaji, na wachimbaji waliokuja kutoka kila pembe ya nchi kufuata dhahabu. Nilikuwa na chumba kimoja, kabati moja, na jiko la mafuta ya taa lililokuwa na tabia za mtoto aliyedekezwa. Huko ndiko nilikomjua Mabula.

Mabula alikuwa ameacha kazi ya shimoni akarudi kulima pamba, lakini pamba haikuwa ndiyo sifa yake. Alikuwa ningi, yaani kiongozi wa ngoma, mtunzi na mwimbaji wa Bagika. Kwa wale wenu mliotoka pwani: Wasukuma tuna vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno vinashindana. Vinacheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake. Hakuna mwamuzi. Watu wenyewe ndio huamua kwa miguu yao, kwani upande unaovuta watu wengi ndio ulioshinda. Na ningi huvuta watu kwa kumtukana ningi mwenzake katika wimbo. Anaruhusiwa kusema chochote. Aliyetukanwa haruhusiwi kukasirika, anaruhusiwa kujibu kwa wimbo tu. Ukionyesha hasira umekwisha.

Alikuja kwangu akiongozwa na mkewe, Mama Nyamizi. Nilimkumbuka mtu mwenye mabega mapana, nikaona shati limetundikwa kwenye mifupa. Kabla hajaketi aliomba maji, akanywa kata nzima, akaomba nyingine.

"Mwangaluka, dakitari," Mama Nyamizi alinisalimu. Mimi si daktari, lakini nilikwishachoka kumrekebisha. "Huyu hanywi maji, anayamaliza. Na pale nyuma ya nyumba anapojisaidia sisimizi wamejaa. Jirani wanasema amelogwa kwa asali."

Nikawasha taa ya spiriti. Nilijua kabla rangi haijaja, na bado ilipokuja nilishusha pumzi.

Alipanda lori la pamba hadi hospitali kule Shinyanga, akakaa huko muda mrefu, akarudi na nyama kidogo mwilini, kichupa cha insulini, na bomba la sindano la kioo ndani ya kopo. Kazi ya kumfundisha kujichoma ikawa yangu. Tulijifunzia kwenye papai bichi. Alilichoma papai lile kwa ukali mpaka nikamwambia halijamkosea. Kichupa kilikaa kwenye chungu chenye mchanga uliolowa, mahali pa baridi. Na kiunoni nilimfunga kibuyu kidogo cha asali, nikamweleza: dawa ikizidi au chakula kikichelewa, sukari itashuka, utatetemeka, jasho litakutoka, utasema ovyo, kisha utaanguka. Ukianza kusikia hivyo, lamba.

"Kwa hiyo asali iliyoniloga ndiyo itaniponya," alisema Mabula.

Nilimwambia hakulogwa. Alinitazama kwa huruma akaacha mjadala.

Dawa ilifanya kazi yake. Maneno nayo yakafanya yake. Wachimbaji waliomjua walisema dhahabu imechukua malipo yake, kwamba kila anayetajirika shimoni huacha kitu mwilini. Ingekuwa kweli, Mabula angekuwa tajiri. Mwenye duka alimwambia huo ni ugonjwa wa watu wa mjini, yeye kaupata wapi. Shemeji yake alianza kumpa maji kwenye kopo lake la peke yake, wengine wasilitumie. Hayo yote aliyavumilia kwa kucheka. Lililomvunja lilitoka kwa marafiki. Wachezaji wake walimjia kwa heshima kubwa wakamwambia, "Kaka, wewe sasa pumzika. Kaa kivulini utushangilie. Ngoma tutacheza sisi." Walimaanisha mema. Wakambembeleza kama mgonjwa wa kufa, naye akawasikia, akaenda nyumbani, akaacha kujichoma.

Mama Nyamizi alikuja mbio. Nilimkuta Mabula amelala, anahema kwa nguvu, na pumzi yake inanuka matunda yaliyooza. Vijana, mkisikia harufu hiyo msiulize maswali marefu. Nilimchoma dawa, nikamtundikia maji ya chumvi, nikaketi hapo nikimpima na kumchoma hadi alipofumbua macho akanitambua. Nilipoona amepona nikamkaripia kwa sauti ambayo sijivunii, lakini siijutii pia.

"Ngassa akinitukana naweza kumjibu," aliniambia nilipokwisha. "Hawa wananihurumia. Huruma nitaijibu kwa wimbo gani?"

Ngassa aliyemtaja alikuwa ningi wa Bagalu, hasimu wake wa ngoma. Walichunga ng'ombe pamoja wakiwa wadogo, rika moja, na tangu huko hawakuacha kushindana. Nikamwambia Mabula lile lililonijia, kwamba kama anataka kutukanwa tena, arudi uwanjani. Alifikiri, akaniuliza kama mtu mwenye sukari anaweza kucheza. Nikasema anaweza, mradi achome, ale, na asisahau kibuyu.

Siku ya mashindano vumbi lilionekana kutoka mbali. Ngassa alimwona Mabula akiingia, akafurahi kwa dhati, kwa sababu adui asiyekuja hana faida. Akaanza naye mara moja. Aliimba kwa Kisukuma, nami natafsiri yale yanayotafsirika:

"Bagika wamekuja na mzinga wa nyuki unaotembea! Akienda kichakani sisimizi humsindikiza, hurudi naye wameshiba! Mama Nyamizi, usimwache alale nje, ataliwa!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, wakaanza kumiminika upande wa Bagalu. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya wanawake. Nikamtazama Mabula. Alikuwa anatabasamu. Akanyoosha mkono, ngoma zake zikanyamaza. Akaketi kwenye kigoda katikati ya uwanja, akafungua kopo, akatoa bomba la kioo, akalijaza, akaliinua juu jua likapita ndani yake. Kisha akafunua paja lake akajichoma mbele ya kila mtu, huku anaimba taratibu:

"Umesema mimi ni mzinga, Ngassa, na ni kweli. Mzinga una asali na mzinga una mwiba. Mwiba wangu najichoma mwenyewe kila asubuhi, sihitaji nyuki. Nani kwenu anajichoma na halii? Aje nimwone!"

Akatoa matobolwa kwenye mfuko wake, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, akavitafuna bila haraka. Nimewahi kuona ng'ombe wakikimbilia maji wakati wa kiangazi, na siku ile niliona watu. Waliuacha upande wa Bagalu karibu mtupu. Wazee walisukumana na watoto ili waione sindano. Mabula alipoinuka na ngoma zikaanza, alicheza namna ambayo sikuwahi kuona mwenye afya akicheza, na wachezaji wake waliomwambia apumzike walikuwa nyuma yake wanahangaika kumfuata. Nililia, na mwanamke aliyekuwa mbele yangu aliniuliza kama vumbi limeniingia machoni.

Nilijua maneno yatabadilika baada ya hapo. Sikujua yatageuka vipi. Asubuhi iliyofuata nilikuta msururu mlangoni kwangu, wote wazima wa afya. Wachezaji, wapiga ngoma, mama mmoja muuza pombe. Walitaka ile dawa ya Mabula.

"Unaumwa nini?" nilimuuliza wa kwanza.

"Siumwi, bhabha. Nataka samba."

Samba ni dawa ya ngoma. Kila ningi anayo, hupewa na mganga wake ili imvutie watu uwanjani. Sasa walikuwa wameona kwa macho yao mtu akijichoma na papo hapo uwanja mzima ukamkimbilia. Kwao hapakuwa na fumbo lolote. Nilieleza mpaka koo likakauka kwamba dawa ile huteremsha sukari, kwamba kwa mtu mzima wa afya inaweza kumuua. Walinisikiliza kwa adabu. Mwenye samba nzuri siku zote husema ni sumu.

Kwenye mashindano yaliyofuata Mama Nyamizi aliweka chungu cha mchanga kwenye kibanda walipowekea mavazi yao. Mabula alipokwenda kuchoma, alikuta mchanga mtupu. Kichupa hakipo, bomba halipo. Kichupa kingine kilikuwa Shinyanga. Tulipindua mavazi, tukauliza, tukatafuta majanini, na huku nyuma Bagalu wanapiga ngoma kwa kishindo ambacho sikukipenda.

Ngassa alikuwa anacheza kwa uhakika wa mtu anayejua ameshashinda. Watu wakaenda kwake. Kisha nikaona jasho. Si jasho la ngoma. Lilimwagika usoni na kifuani kana kwamba kamwagiwa kata ya maji. Akapotea kwenye wimbo wake mwenyewe. Akamtukana mpiga ngoma wake, tena kwa maneno yasiyo ya wimbo. Mikono ikaanza kutetemeka, akayumba, akaanguka kifudifudi.

Ngoma zilikatika. Halafu sauti moja ikapiga kelele, "Mabula kamloga!" Na nyingine, na nyingine. Bagalu wakaokota fimbo zao. Nilimshika Mabula mkono nikamwambia tuondoke, tupite nyuma ya kibanda, baiskeli yangu iko pale. Lilikuwa shauri la busara na bado naliona hivyo.

Hakunisikia. Alikuwa anamtazama Ngassa pale chini.

"Jasho lile nalijua," alisema. "Gashi! Kumbe amejichoma dawa yangu."

Akatembea. Hakukimbia, na hakuinua mikono kujikinga. Alipita katikati ya fimbo zilizoinuliwa, amekonda vilevile, bila dawa mwilini tangu jana yake, na mmoja akampiga begani, akapepesuka, akaendelea. Mimi nikamfuata kwa sababu aibu ya kubaki ilikuwa kubwa kuliko hofu. Alipiga magoti, akamlaza hasimu wake ubavu, akafungua kibuyu cha kiunoni, akachovya kidole kwenye asali akampaka ndani ya shavu. Akachovya tena. "Meza, Ngassa. Meza kidogo. Najua, ulimi ni mzito. Meza." Alimsemesha vile anavyosemeshwa mtoto mwenye homa. Waliotuzunguka walikuwa wanahema juu yetu, na nilielewa wazi kwamba mtu huyu akifa hapa, Mabula hataondoka uwanjani akiwa hai, na yeye alilielewa kabla yangu. Kidole chake hakikutetemeka.

Sijui ilichukua muda gani. Nilichokiona ni koo la Ngassa likimeza. Kisha likameza tena. Kisha akafumbua macho, akatuangalia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa usingizini, akauliza kwa nini ana asali kwenye ndevu. Fimbo moja baada ya nyingine zikashuka. Mama Nyamizi alileta uji, nikautia sukari yote iliyopatikana, nikaagiza anywe sasa na anywe tena baadaye, kwa sababu dawa ilikuwa bado mwilini na ingemwangusha mara ya pili. Kichupa na bomba vilipatikana ndani ya mkoba wa ngozi wa Ngassa. Kilibaki kiasi cha kutosha. Nililichemsha bomba kwenye moto wa muuza pombe, Mabula akajichoma palepale chini alipoketi, na safari hii hakuna aliyecheka wala kusukumana.

Nimefanya kazi na madaktari hodari, wengine wamevuka bahari kuja kwetu. Sijaona tena mkono uliotulia vile.

Nikakaa na wagonjwa wangu wawili kivulini hadi jua lilipopoa. Ngassa alikunywa uji wake. Mwishowe akaweka kata chini.

"Mabula. Hivi ndivyo wewe unavyosikia?"

"Siku nikichelewa kula, ndiyo."

"Unaona giza, na moyo unataka kutoka, na hujui jina lako?"

"Ndiyo."

"Na kesho yake unajichoma tena."

"Kesho yake najichoma tena."

"Kisha unakuja kucheza na mimi."

"Nakuja kukushinda," alisema Mabula.

Ngassa alifungua mdomo. Mtu huyu nilikuwa nimemsikia akimwaga matusi kutwa nzima bila kurudia hata moja, nikangoja. Badala yake akashika nguzo ya kibanda, akainuka kwa shida, akakataa nisimsaidie. Akasimama wima mbele ya mtu wa rika lake, aliyechunga naye ng'ombe, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.